Jiwe la mlinzi na king'ora cha gari la msikiti



Msikiti wetu, ulioko upande wa Temeke jijini Dar es Salaam, una gari moja tu. Ni Toyota Hiace ya zamani, ya gia za mkono, iliyotolewa wakfu na familia moja ya mtaani baada ya kufiwa na mzazi wao. Gari hilo halijui mapumziko. Asubuhi hubeba jeneza kwenda makaburini, jioni huwarudisha majumbani wazee waliohudhuria darsa, na usiku wa manane, mara nyingi tu, limewakimbiza hospitalini kina mama walioshikwa na uchungu. Kwa hiyo, tulipotoka katika swala ya Alfajiri siku moja ya Mfunguo Pili tukalikuta limeng'olewa vioo vyote viwili vya pembeni, tulijihisi kama watu walioibiwa ndani ya vyumba vyao.

Usiku ule, baada ya Isha, kamati ilikutana. Tulikuwa watu watano tumekaa kwenye mkeka, na katikati yetu daftari la mihutasari. Mwenyekiti alieleza hasara, mwekahazina akataja bei ya vioo vipya, kisha mmoja wetu akasema maneno manne tu: "Na mlinzi alikuwa wapi?" Hakuna aliyejibu, wala aliyemkemea. Maneno yale yalikaa katikati ya mkeka kama chombo kilichovunjika ambacho kila mtu anangoja mwenziwe akiokote. Mlinzi wetu ni mzee wa makamo ya baba zetu, amelinda msikiti huu tangu ulipokuwa na kuta za mabati, na usiku ule alikuwa nje, hatua chache tu kutoka pale tulipokaa.

Hatukumwita tukamuuliza. Tuliona aibu kumuuliza, na wakati huohuo hatukuona aibu kumshuku. Badala yake tulipitisha azimio la kununua alamu ya gari. Sisi tuliokabidhiwa kalamu ya ukatibu tukaliandika kwa ufasaha wa chuoni: kwamba kamati imeona haja ya kuwa na chombo cha ulinzi kisichosinzia. Muhtasari ukabandikwa ubaoni, kama ilivyo desturi yetu. Hatukukumbuka kwamba mzee wetu anajua kusoma.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda Kariakoo pamoja na dereva wetu, kijana anayejitolea bila malipo. Muuza duka alitupangia maboksi matatu juu ya kaunta. La kwanza lilikuwa la alamu ya njia moja: rimoti hutuma amri, gari hutii, lakini gari halina njia ya kurudisha habari, na mwenyewe akiwa mbali king'ora kitalia asijue. La pili lilikuwa la alamu ya njia mbili, ambayo rimoti yake ina kioo kidogo; gari likiguswa, rimoti hutetemeka mfukoni na kuonyesha kama kilichoguswa ni mlango, boneti au bodi lenyewe. La tatu lilikuwa mfano wa la pili, likiongezewa uwezo wa kuwasha injini kutoka mbali bila mtu kuingia garini.

Dereva wetu aliuliza swali moja la busara, na tunalitaja hapa ili liwafae wengine. Aliuliza kama rimoti ile hutuma namba ileile kila inapobonyezwa au huibadilisha. Alamu za bei ya chini kabisa hutuma namba isiyobadilika, na mwizi mwenye kifaa cha kunasa mawimbi anaweza kuirekodi namba hiyo akairudia baadaye, mlango ukafunguka. Zilizo bora hubadilisha namba kila kitufe kinapobonyezwa, hivyo iliyonaswa jana haifai kitu leo. Muuza duka alituhakikishia kwamba la pili na la tatu ni za namba ya kubadilika.

Hapo ndipo ulipoanza mjadala wetu. Katika nchi za baridi kali kama Canada, kuwasha gari kutoka mbali ni jambo lenye haja ya wazi: mtu huwasha injini akiwa bado ndani ya nyumba, barafu ikayeyuka kwenye kioo na viti vikapata joto kabla hajatoka. Kwetu sisi Dar es Salaam hakuna barafu ya kuyeyusha. Lakini dereva alisema gari likiachwa juani tangu Adhuhuri huwa kama tanuri, na wazee hulalamika. Ikiwa injini na kipoza hewa vitawashwa imamu anapotoa salamu, wazee wataingia kwenye gari lililopoa. Tulipompigia simu mwekahazina, aliuliza kama hiyo si israfu katika fedha ya wakfu. Tukamjibu kwa dalili tatu au nne, kwani mtu aliyekwisha kukitamani kitu hakosi dalili. Leo tunakiri kwamba dalili zile zilikuja baada ya matamanio. Kifaa kilitupendeza, nasi tukakichukua.

Fundi tuliyempata alikuja uani kwetu Jumapili asubuhi. Alikuwa mwepesi wa mikono, na alitupunguzia bei. Alifungua sehemu ya chini ya dashibodi, akatoa kifungu cha nyaya, akawa anamenya kila waya kwa meno ya plaia, anausokota na waya wa alamu, kisha anauzungushia utepe mweusi. Tulisimama pembeni tukimpa maji na kumshikia tochi. Alipofika kwenye mambo mawili alisita, akatugeukia. La kwanza lilikuwa swichi ndogo ya boneti, ambayo kazi yake ni kuuzuia mtambo usiwashe injini wakati boneti iko wazi na pengine mkono wa mtu uko kwenye feni. La pili lilikuwa waya wa breki ya mkono.

Inafaa tulieleze hili la pili kwa kirefu kidogo, maana ndilo lililotuletea yaliyotupata. Gari la otomatiki likiwa limeegeshwa huwa kwenye gia ya kuegesha, na injini ikiwaka gari halisogei. Gari la gia za mkono halina dhamana hiyo. Dereva akiliacha kwenye gia ya kwanza, kisha stata ikazunguka, gari litaruka mbele papo hapo, hata kama hakuna mtu ndani. Kwa sababu hiyo, mitambo inayokubali magari ya gia za mkono imewekewa utaratibu maalumu. Dereva husimama, huweka gia huru, huvuta breki ya mkono, kisha hutoa ufunguo huku injini ikiendelea kuwaka kwa amri ya mtambo. Hushuka, hufunga milango yote, na hapo tu ndipo injini huzimwa. Kwa njia hiyo mtambo hupata yakini kwamba gari liliachwa kwenye gia huru na hakuna mtu aliyeingia baadaye kuigusa. Mlango wowote ukifunguliwa, idhini ile hubatilika, na lazima kuanza upya, mithili ya mtu aliyetengukwa na udhu.

Fundi alitutazama akasema, "Ustaadh, huo mlolongo utawachosha. Mimi nitaupanga mtambo kana kwamba gari ni otomatiki, na huu waya wa breki nitaufunga moja kwa moja kwenye bodi. Gari litadhani breki imevutwa wakati wote. Mtabonyeza tu, linawaka." Swichi ya boneti naye aliiona haina haja. Adhana ya Adhuhuri ilikuwa imekaribia, jua lilikuwa kali, nasi tulikuwa na hamu ya kuona kifaa kikifanya kazi. Tukasema sawa. Hakuna aliyetulazimisha, neno "sawa" lilitoka vinywani mwetu.

Siku ile baada ya swala tulisimama barazani tukibonyeza kitufe mara mbili, injini ikiwaka yenyewe, na vijana wakitoa takbira kwa mzaha. Watoto wa madrasa walikusanyika kutazama. Mwanetu wa miaka 6 alikuwa miongoni mwao, naye alitazama vidole vyetu kwa makini kuliko alivyolitazama gari.

Jioni ile mzee mlinzi alitufuata tukiwa tunafunga stoo ya majeneza. Alitusalimia, akauliza hali ya nyumbani, kisha akasema kwa upole, "Katibu, mwanangu, hicho king'ora mmekiweka kwa ajili ya mwizi au kwa ajili yangu?" Tulijibu haraka kwamba ni kwa ajili ya mwizi, mzee wetu. Akasema, "Haya, baba." Kisha akaenda kwenye gari, akaliinua jiwe lake, akaliweka mbele ya gurudumu la mbele kama alivyokuwa akifanya kila siku. Lilikuwa jiwe kubwa la matumbawe, lenye ukubwa wa kichwa cha mbuzi. Mjumbe mmoja wa kamati alikwisha kujikwaa juu yake wiki moja kabla, akaamuru litupwe. Tulimwambia mzee kwamba sasa gari lina mtambo wa kisasa, jiwe halina kazi tena. Hakubisha, lakini hakuliondoa.

Juma la kwanza alamu ilitufundisha somo la jirani. Fundi alikuwa ameacha kihisi cha mtikisiko kwenye kiwango cha juu kabisa. Paka akiruka juu ya boneti, king'ora kililia. Lori la kokoto likipita barabarani, kililia. Siku ya nne kililia katika swala ya Alfajiri, tukiwa kwenye sijida, na imamu akalazimika kuendelea kusoma katikati ya kelele zile hadi dereva alipotoa salamu na kutoka mbio. Jirani mmoja, mama mwenye mtoto mchanga, alituma ujumbe wa heshima akiomba tumhurumie. Kubwa zaidi ni kwamba baada ya siku chache hakuna aliyeinua kichwa tena king'ora kilipolia. Kengele inayolia kwa kila jambo huwazoesha watu kutoiamini, na siku mwizi atakapokuja kweli, sauti ile itakuwa kwao sawa na kelele za jogoo.

Juma la tatu ilikuwa zamu ya betri. Gari lilikaa siku 6 bila kutumika, na asubuhi ya siku ya 7 tulifikwa na msiba. Jeneza likiwa tayari limebebwa mabegani, dereva alizungusha ufunguo, stata ikatoa mlio wa kugonga mara moja, kisha kimya. Vijana walilisukuma gari hadi barabarani mbele ya wafiwa. Tulizika kwa wakati, alhamdulillah, lakini tulirudi tukiwa tumeinamisha vichwa.

Kisha likaja la Jumanne. Ilikuwa baada ya Asr, watoto wa madrasa walikuwa wakitawadha kwenye birika. Uwanja wetu una mteremko mdogo unaoelekea hukohuko birikani, na gari lilikuwa limeegeshwa juu yake, pua ikitazama chini. Dereva aliliacha kwenye gia ya kwanza, kama madereva wengi wa gari za gia za mkono wanavyofanya mahali penye mteremko, hasa breki ya mkono inapokuwa dhaifu. Sisi tulikuwa barazani tukipitia daftari la michango, na rimoti ilikuwa juu ya daftari. Mwanetu alikuja akaegemea goti letu. Aliichukua rimoti, akabonyeza kile kitufe mara mbili, kama alivyotuona tukifanya siku ile ya takbira.

Gari liliruka. Lilitoa mngurumo, likasogea mbele kwa kishindo, gurudumu likagonga jiwe la mzee, likapanda nusu, likarudi, na injini ikazimika. Yote hayo hayakuzidi muda wa kuvuta pumzi mbili. Mbele ya gari, hatua zisizofika kumi, walikuwapo watoto kumi na wawili, baadhi wakiwa wamefumba macho kwa maji ya kuosha uso. Mmoja wao alifumbua macho, akalitazama gari, akaendelea kuosha mkono wa kulia.

Hatukumbuki tulifikaje pale. Tunakumbuka kwamba mzee alikuwa ametutangulia, ameinama anaangalia kama jiwe limehama. Alikuwa akitetemeka, nasi pia. Alisema, "Breki ya mkono ya gari hili imekufa tangu Ramadhani. Nilimwambia dereva. Na watoto wanatawadha hapa." Hakuongeza neno lingine, wala hakukumbusha kwamba tulimtaka aliondoe jiwe lile.

Wengi wetu tumesikia, na sisi wenyewe tumeisimulia mara kadhaa katika darsa, habari ya mtu aliyemuuliza Mtume (SAW) kama amfunge mnyama wake na kumtegemea Mwenyezi Mungu au amwache huru na kumtegemea, naye akaelekezwa amfunge kisha ategemee. Hadithi hiyo imo katika mkusanyiko wa Imamu Tirmidhi. Tulikuwa tumeitumia hata katika kikao cha kuitetea alamu. Siku ile ya Jumanne ndipo tulipoona ni nani miongoni mwetu aliyekuwa amemfunga ngamia, na kwa kamba gani.

Usiku hatukupata usingizi. Mama wa watoto wetu, baada ya kusikiliza kisa chote, alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mlinunua king'ora ili msizungumze na mzee." Tulitaka kujitetea, lakini hatukuwa na la kusema. Tulikuwa tumesoma chuoni kwa miaka kwamba mwenye kudai ndiye mwenye kuleta ushahidi. Tulikuwa tukiwafundisha vijana maonyo ya Suratul-Hujurat, aya ya 12, kuhusu dhana. Na siku tulipohitaji kuyatumia masomo hayo kwa mzee mmoja aliyekaa hatua chache kutoka kwetu, tulikwenda Kariakoo.

Asubuhi tulitafuta fundi mwingine, mtu mzima asiyependa haraka. Kabla ya kugusa alamu alitutaka tutengeneze breki ya mkono, akisema hawezi kufunga kufuli kwenye mlango usio na bawaba. Baada ya hapo aliichomoa betri upande mmoja, akaweka mita yake katikati, akasubiri gari "lilale". Mita ilionyesha nusu ampia. Alitufanyia hesabu juu ya kipande cha boksi. Betri yetu ni ya saa-ampia 70. Ikivuja nusu ampia mfululizo, itakwisha kwa saa 140, yaani siku zisizofika 6. Alipofuatilia aligundua kwamba waya mmoja wa mtambo uliunganishwa mahali pasipo pake, ukiacha vifaa vya dashibodi vikila umeme usiku kucha. Alipourekebisha, mita ilishuka hadi ampia 0.03. Kwa kiwango hicho, betri nzima ingechukua zaidi ya siku 90 kwisha.

Kisha alifungua viungo vyote vilivyosokotwa, akavilehemu kwa risasi na kuviziba vizuri, akaweka fyuzi palipokosekana. Alipunguza ukali wa kihisi, akakijaribu kwa kugonga kioo kwa ngumi: mguso mwepesi ukatoa mlio mfupi wa onyo, na pigo kubwa tu likaamsha king'ora. Aliufungua waya uliofungwa kwenye bodi. Kuhusu kuwasha kwa mbali, alitueleza ule utaratibu wa gia huru na breki, akasema unaweza kurudishwa ukafanya kazi kwa usalama kiasi. Kisha akatuuliza, "Gari hili lina madereva wangapi?" Tulihesabu tukafika wanne. Akasema, "Na watoto je?" Tukamwambia aukate kabisa waya wa stata wa mtambo ule. Aliukata, akatukabidhi kile kipande. Kimo ndani ya droo ya ofisi hadi leo.

Kilichobaki ni alamu yenye kazi mbili: kutoa sauti gari linapoguswa, na kuizuia stata isizunguke mpaka rimoti ifungue. Alituonya tusikubali kamwe kifaa kinachoweza kuzima injini gari likiwa mwendoni, kwa kuwa usukani na breki huwa vizito injini inapozimika, na anayeweza kudhurika si mwizi peke yake.

Ijumaa baada ya Isha kamati ilikutana tena, na mara hii mzee alikaa nasi mkekani. Mwenyekiti alimwomba radhi kwa niaba yetu sote, kwa maneno ya wazi, bila kuzunguka: kwamba tulimdhania vibaya, na kwamba hatukumpa hata heshima ya kumuuliza. Sisi tulisoma kwa sauti ile sentensi ya "kisichosinzia", tukaomba ifutwe katika kumbukumbu, tukaiomba radhi nafsi yake kwa kuiandika. Mzee alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Mimi nimesamehe. Lakini ile taa ya kona niliyoiomba, mmefikia wapi?"

Tulifunua daftari nyuma. Katika muhtasari wa mwezi wa Rajabu, kwa mwandiko wetu wenyewe, ilikuwa imeandikwa kwamba mlinzi ameomba taa kwenye kona ya kaskazini ya uwanja, maana ni giza na haoni anayeruka ukuta. Mbele yake tulikuwa tumeandika neno moja: "litashughulikiwa". Gari letu huegeshwa kwenye kona ileile. Taa na waya wake, tulipoinunua kesho yake, haikufika hata robo ya bei ya ile alamu.

Vioo vilivyoibwa hatukumjua aliyevichukua, na hatumjui mpaka leo. Tunalisema hili makusudi. Hatukumwomba mzee radhi kwa kuwa mwizi mwingine alikamatwa. Tulimwomba radhi kwa kuwa hapakuwa na ushahidi wowote dhidi yake tangu mwanzo, na hilo peke yake lilitosha.

Ndugu msomaji, pengine nawe unafikiria kuweka alamu kwenye gari la familia au la taasisi. Si jambo baya, na sisi bado tunayo yetu. Yapo machache tunayokuusia.

Kwanza, tengeneza gari lenyewe kabla ya kulinunulia kifaa. Breki, betri na vitasa vije mbele. Pili, ikiwa gari lako ni la gia za mkono, ama uache kabisa kuwasha kwa mbali, ama uhakikishe ule utaratibu wa gia huru unafanya kazi na haujadanganywa kwa kuunga waya kwenye bodi. Fundi akikwambia kinga fulani ni usumbufu, muulize inakinga nini, na umsubiri ajibu. Tatu, hata kwa gari la otomatiki, usiliwashe kwa mbali likiwa ndani ya banda lililofungwa au karibu na madirisha ya vyumba vya kulala. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Nne, magari mengi ya miaka ya karibuni yana ufunguo wenye chipu, na ili mtambo wa kuwasha kwa mbali ufanye kazi baadhi ya mafundi huficha ufunguo wa akiba ndani ya gari. Fahamu kwamba hapo umemwachia mwizi sehemu ya kazi yake tayari imefanywa. Tano, rimoti iwekwe mahali panapowekwa dawa na viberiti, mbali na mikono midogo.

La sita halihusu nyaya. Kabla ya kununua chombo cha kumlinda mtu au mali, zungumza kwanza na mtu aliyekuwa akikulinda kabla ya chombo hicho kuwapo. Muulize anaona nini usiku, na anahitaji nini. Huenda jibu lake liko kwenye daftari lako tangu miezi mitatu iliyopita, na mwandiko ni wako.

Jiwe la mzee bado lipo. Vijana wamelipaka chokaa nyeupe ili mtu asijikwae gizani, ingawa siku hizi kona ile haina giza. Kila Magharibi mzee huliweka mbele ya gurudumu, na mwanetu humsaidia kulisogeza kwa mikono yake miwili.

Wabillahi tawfiiq.